Sanamaki ya Shangazi

Msomaji, ikiwa uko mezani na watoto, weka ukurasa huu kando mpaka mmalize kula. Mambo ya leo ni ya chooni.

Nilikuwa likizoni Malindi, nyumbani kwa shangazi yangu mtaa wa Shella, si mbali na msikiti wa Ijumaa na yale makaburi ya kale yenye nguzo. Siku ya nne sijapata choo. Shangazi aliniona ninavyouchezea wali wa nazi, akasema, "Mwanangu, una uchafu wa miaka tumboni. Usiku wa leo utakunywa haluli."

Haluli yenyewe ilikuwa majani ya sanamaki yaliyochemshwa na tangawizi. Alitia asali, lakini kwa uchungu ule asali haikufua dafu.

Sanamaki haina haraka. Huchukua saa 6 hadi 12, kwa kuwa huanza kazi ikishafika utumbo mpana, ambako bakteria wa humo huiamsha. Yangu iliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Nyumba ile ina watu tisa na choo kimoja. Itoshe kusema kwamba asubuhi hiyo binamu zangu walikwenda kuoga kwa jirani.

Kufikia saa nne miguu ilikuwa ikitetemeka na ulimi umekauka. Shangazi akaniletea madafu mawili, kisha maji ya chumvi na sukari: nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari kwa lita moja ya maji safi. "Sumu imetoka," akasema, uso umemnawiri.

Nami nilitaka sana kuamini. Hebu nikuambie nililomficha. Kwa miezi miwili nilikuwa nikiona damu chooni. Marehemu baba, kaka yake shangazi, aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 46. Mimi nina 36. Hesabu niliijua, msomaji. Ujasiri ndio ulionipungukia. Haluli ilinipa kisingizio: nimeshajisafisha, basi.

Siku ya tatu damu ikarudi.

Daktari niliyemwendea Mombasa alitabasamu niliposema habari za sumu. Kazi ya kuchuja sumu, alisema, ni ya ini na figo, na utumbo hujisafisha wenyewe. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1919 daktari Mmarekani, Walter Alvarez, alikwisha kueleza kuwa kichwa kizito cha mtu aliyefunga choo husababishwa na utumbo uliojaa na kutanuka, wala si sumu. Zaidi ya miaka 100, na bado tunauziwa dawa za kuitoa!

Nilipomtaja baba, tabasamu lilikoma. Mwenye mzazi aliyeugua saratani hiyo hupimwa afikapo miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa mzazi, lolote litakalotangulia. "Basi mwaka wako ni huu," akasema.

Na kipimo chenyewe, msomaji, kilidai haluli nyingine: lita nne za maji ya dawa, nusu jioni na nusu asubuhi, kwa sababu kamera haioni kitu kwenye utumbo mchafu. Damu ilikuwa ya bawasiri. Lakini ndani zaidi walikuta kinyama kidogo, kama punje ya choroko, wakakikata papo hapo. Baadhi ya vinyama vya namna hiyo hugeuka saratani polepole, kwa muda wa miaka 10 hivi. Sanamaki isingekigusa.

Nilirudi Shella nikamweleza shangazi yote, hata la damu. Alinyamaza kitambo. Kisha nikamkumbusha kwamba marehemu alikuwa nduguye tumbo moja, na yeye ana miaka 63, hajapimwa hata mara moja.

"Lita nne?" akauliza. "Na tangawizi?"

"Bila tangawizi, shangazi."

Tumekubaliana twende baada ya Idi. Madafu ya kurudia ameshayaagiza.