Tulivyosafiri na Watoto Hadi Ujiji

Mtu akitaka kujua kama ana subira, asiwaulize rafiki zake. Na apande gari la moshi, daraja la tatu, kutoka Tabora hadi Kigoma, akiwa na watoto watatu: mkubwa wa miaka 7, wa katikati wa miaka 4, na mdogo wa miezi 9 anayenyonya. Sisi tulifanya hivyo mwezi wa Juni mwaka 2023, shule zilipofungwa.

Sababu ya safari ilikuwa mama mkwe wangu. Yeye anakaa karibu na Ujiji, na wajukuu hawa wawili wadogo alikuwa hajawatia machoni hata siku moja. Kisha tukapata habari kwamba macho yake yameingia ukungu, kwamba watu sasa anawajua kwa sauti zao tu. Majirani walitushauri tungoje. Walisema, watoto wakikua kidogo mtasafiri kwa raha. Shauri lenyewe halikuwa baya. Lakini mke wangu aliwajibu neno moja tu: "Watoto wanakua, na mama je?" Nikanyamaza, nikaenda kuhesabu fedha.

Kazi yangu ni ukarani wa parokia, na karani hawezi kufanya jambo bila kuliandika kwanza. Basi niliandika orodha: uji katika chupa ya chai, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai 10, maji yaliyochemshwa dumu moja, kopo la mtoto la kujisaidia, khanga, nepi za kitambaa, sabuni, chandarua. Mke wangu alivipanga vyote katika sanduku na kikapu, akalala. Ndipo nikaona kwamba viatu vyangu vyeusi, vile vya sikukuu, havikupata nafasi. Nami nilitaka kufika ukweni nikionekana mkwe wa maana. Nikatoa chandarua, nikatia viatu. Lishikeni neno hilo, nitalirudia.

Ya basi kutoka kijijini hadi Tabora sitayasema mengi. Mtoto wa katikati alikunywa chai ya maziwa vikombe viwili kabla ya kuondoka, na kabla ya saa moja kwisha nilikuwa nimevaa maziwa yale kwenye suruali. Wazazi wenzangu, mtoto apewe kiazi kikavu na maji kidogo, maziwa yangoje mwisho wa safari.

Reli ile ni ya zamani. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni kilometa 400 na zaidi kidogo. Kabla ya reli, babu zetu Wanyamwezi waliikata njia hiyo kwa miguu, wakichukua pembe na vitambaa mabegani, na wengi wao walisafiri pamoja na wake zao na watoto wao. Mama alibeba mtoto mgongoni na chungu kichwani, tena jioni akapika. Nilimweleza binti yetu mkubwa habari hiyo jioni ile tulipokuwa tunangoja kuondoka. Akaniuliza, "Na watoto wao walikuwa wanauliza kama wamefika?" Sikuwa na jibu, maana yeye mwenyewe alikuwa ameniuliza mara tatu, na tulikuwa bado tumekaa palepale stesheni ya Tabora.

Tukaondoka. Mwanzo ulikuwa mzuri kweli. Watoto walisimama dirishani, wakapungia mikono watu, na mbuzi, na nguzo za simu. Abiria walisogea wakatupa nafasi. Kijana mmoja alimpakata mdogo wetu huku mama yake akipanga mizigo, na mzee mmoja akatoa karanga mbichi za msimu akawagawia watoto bila kuuliza ni wa nani. Najua wako wanaosema mtoto asipokee chakula cha mtu asiyemjua. Huenda mjini wana sababu. Mimi naona katika gari la moshi mtu anayekataa karanga za jirani yake hujitafutia safari ndefu. Giza lilipoingia baridi ya Juni ilianza kupenya, nasi tukawafunika watoto khanga zote, wakalala, mkubwa juu ya kikapu, wa katikati miguuni pa mama yake.

Usiku mwingi tukafika Kaliua. Pale wauzaji walikuja na taa zao na mabeseni kichwani: kuku wa kukaanga, chai, mikate, asali katika chupa. Nikashuka kununua chai. Niliporudi, mke wangu alikuwa ananyonyesha. Akaniuliza, "Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto yupi?"

"Si umeshuka naye?"

Nilitazama miguuni pake. Ilikuwapo khanga tupu.

Tangu siku ile nimefikiri mara nyingi jinsi mambo yalivyokuwa. Yeye alimwona mtoto akiamka na kunifuata, akajua yuko na baba yake. Mimi nilimwacha amelala, nikajua yuko na mama yake. Kila mmoja wetu alikuwa na hakika, na mtoto hakuwa na mtu. Honi ikalia. Nikakimbilia mlangoni, nikasimama mguu mmoja ndani, mmoja juu ya kipandio, nikiita jina lake katika kelele za wauzaji. Gari likaanza kutikisika. Kama yuko chini, nami nikibaki ndani, tutamwacha usiku peke yake katika mji asioujua. Kama yumo ndani, nami nikishuka, namwacha mama yake na watoto watatu bila senti, kwa kuwa fedha zote na tikiti zote zilikuwa mfukoni mwangu. Naye mtoto, ukimwuliza jina la baba yake, wakati ule alijibu, "Baba."

Walioniokoa ni abiria. Kijana yule aliyempakata mdogo alipiga ukelele kwa behewa la mbele, "Mtoto wa fulana nyekundu!" Wa kule wakapokea, wakapeleka mbele zaidi. Neno lilikwenda kutoka kinywa hata kinywa, na magurudumu yalikuwa yameanza kuzunguka liliporudi: "Yuko huku! Yuko kwa bibi!" Nilipita katikati ya miguu ya watu na mizigo yao hata behewa la pili. Nikamkuta ameketi juu ya gunia, anakula andazi, karibu na bibi mmoja mwenye kilemba. Alikuwa amenifuata kweli, akanipoteza mlangoni, akageukia upande mwingine.

"Shikamoo, bibi," nikasema, na sauti haikutoka vizuri.

"Marahaba, baba. Huyu ni wako? Amenisalimu vizuri, nikamwambia kaa hapa, anayekutafuta atakuja."

Niliporudi naye, mke wangu hakusema kitu. Alimchukua, akamweka katikati yetu, akamfunga na khanga kiunoni pake mwenyewe. Asubuhi aliomba kalamu yangu, akaandika namba zetu za simu juu ya kitambaa cheupe mara tatu, akavishona ndani ya nguo za watoto wote, hata yule mchanga asiyeweza kutambaa mbali. Nami nikampa nusu ya fedha azishike. Mambo haya mawili yalikuwa hayamo katika orodha yangu.

Kulipopambazuka tulikuwa Uvinza. Huko hutoka chumvi tangu zamani. Maji yenye chumvi hububujika ardhini, nayo huchemshwa au kukaushwa juani. Binti alitaka kujua ni nani aliyetia chumvi katika maji yale. Kisha vilima, mito, migomba, na mwisho michikichi, nayo ilimfurahisha mke wangu hata akaanza kuimba kidogo. Sijamsikia akiimba hivyo nyumbani kwetu. Gari lilipoteremka kuelekea Kigoma, ziwa likaonekana lote kwa mara moja. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, na duniani limepitwa na Baikal peke yake kwa kina. Wa katikati alitazama kitambo, akasema, "Baba, nani ameyamwaga?"

Mama mkwe alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka. Mimi nilisalimu kwa mbali, kama ilivyo heshima ya mkwe. Viatu vyangu vilikuwa vinang'aa, lakini yeye hakuweza kuviona. Watoto walipelekwa mmoja mmoja. Aliwashika vichwa, masikio, pua, vidole vya miguu. Kwa yule wa katikati alikaa sana kwenye paji la uso, akasema, "Huyu ana pua ya marehemu baba yake na mama yenu." Mtoto hakukimbia. Mdogo alimvuta kilemba, kikaanguka, watu wote wakacheka, na binti yake akaingia ndani upesi ili mama asisikie kwamba analia.

Siku ya tatu mama mkwe aliita. "Mtoto huyu ana homa." Mimi sikuona kitu, alikuwa anacheza. "Macho yangu yameharibika," akasema, "mikono haijaharibika." Jioni mtoto alikuwa anawaka moto. Ndipo nilipomwungamia mke wangu habari ya viatu na chandarua. Alivitazama viatu vile vilivyokuwa chini ya kitanda, akasema, "Vizuri. Sasa mvalishe mtoto usiku, tuone kama vinazuia mbu."

Alfajiri tulikwenda zahanati. Walimtoboa kidole, na baada ya robo saa na kidogo wakasema ni malaria. Wakampima uzito, maana dawa mseto hutolewa kwa uzito wa mtoto. Dozi ya kwanza palepale, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni hata siku 3 zitimie, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kwa mfano uji wa karanga au maziwa. Alitapika ya kwanza kabla ya nusu saa, nao wakampa nyingine, ndivyo ilivyo sheria yake. Nilimweleza mganga juu ya chandarua nilichokiacha. Akaniuliza tumefika lini. Nikamwambia siku ya nne leo. Akatikisa kichwa. Mbu aliyemwuma mtoto huyu, alisema, hakuwa garini wala Ujiji. Malaria huchukua siku 7 na zaidi, mara nyingi hata majuma mawili, ndipo homa itoke. "Mbu wenu mlimwacha nyumbani, bwana. Chandarua cha nyumbani kikoje?"

Nikakumbuka kilivyo. Upande wa ukutani kina tundu unaloweza kupitisha mkono, na kila jioni watoto hukaa nje na mimi nikisoma magazeti. Sikujua kama nifurahi kwa kuondolewa kosa moja au nihuzunike kwa kupewa kubwa zaidi. Usiku zile tatu mama mkwe alimlaza mtoto katika chandarua chake mwenyewe, akilala kwa vipande, mkono juu ya paji lile.

Alipopata nafuu tulikwenda mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Pana jiwe la kumbukumbu na miembe. Binti alisikiliza maelezo yote, akauliza, "Baba, walifanya nini hapa?" Nikasema walikutana, wakasalimiana. "Basi kukutana tu kumejengewa jiwe?" Tukarudi kwa bibi yake kula migebuka na ugali wa muhogo.

Siku ya mwisho mama mkwe alikubali jambo tulilomwomba kwa miaka miwili, yaani kupelekwa hospitali kutazamwa macho. Watu wenye mtoto wa jicho hupasuliwa na kuona tena, lakini yeye alikuwa akisema kwamba ameona ya kutosha. Sasa alisema anataka kuhakikisha ile pua.

Kurudi kulikuwa rahisi zaidi. Tuliwahesabu watoto kila stesheni kwa sauti, mmoja, wawili, watatu, hata abiria wa karibu wakaanza kutusaidia kuhesabu. Mama mkwe alikuwa ametupa dumu la mawese. Nililifunga vizuri, nikalitia sandukuni karibu na viatu, na tulipofungua nyumbani kiatu cha kulia kilikuwa kimejaa mawese hata ukingoni. Mke wangu aliyamimina katika sufuria bila kupoteza tone, akasema tulichuje, ni mafuta ya mama.