Asilimia moja ya Portland, asilimia tatu ya LUKU

Nikimtumia mama hela ya umeme, hunirushia ule ujumbe wa LUKU nione kwamba hela imefika. Chini ya tarakimu ishirini za tokeni kuna mistari ambayo kwa miaka mingi niliipita tu: VAT asilimia 18, EWURA asilimia 1, REA asilimia 3. Siku hizi huo wa REA, wa nishati vijijini, nausoma mara mbili. Nimejifunza kuuthamini nikiwa mbali, Portland, jimbo la Oregon, mji ambao nao una asilimia yake.

Novemba 2018 wakazi wa Portland walipiga kura kwamba kampuni kubwa za rejareja, zile zinazouza zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka nchini Marekani na zaidi ya dola 500,000 ndani ya jiji, zitoe asilimia 1 ya mauzo yao ya hapa. Vyakula vya kawaida na dawa haviguswi. Hela inaingia kwenye Mfuko wa Nishati Safi kwa Manufaa ya Jamii. Si madiwani walioanzisha jambo hili. Vyama vya watu weusi, vya wenyeji asilia, vya Waasia na wahamiaji, pamoja na watetezi wa mazingira, ndivyo vilivyozunguka mitaani kukusanya sahihi mpaka hoja ikaingia kwenye karatasi ya kura, na karibu asilimia 65 wakasema ndiyo. Maombi ya ruzuku hupitiwa na kamati ya wakazi tisa, na sheria inataka watu wa kipato cha chini watangulizwe.

Maana ya hayo niliiona kwa jirani yangu. Mwishoni mwa Juni 2021 joto la hapa lilipita nyuzi 46. Huu ni mji wa mvua na baridi, na nyumba nyingi hazikuwa na kiyoyozi. Katika kaunti yetu walikufa zaidi ya watu 60, wengi wao wazee wanaoishi peke yao. Mwaka uliofuata mfuko ukaanza kugawa mashine za kupoza nyumba bure kwa watu wa hali ya chini. Bibi wa mlango wa pili aliletewa ya kwake na vijana wawili. Waliiweka dirishani, wakaziba nyufa za pembeni kwa sifongo, kisha mmoja akapiga magoti kumwonyesha namna ya kuchomoa kichujio na kukiosha. Bibi akakichomoa mwenyewe mara tatu, kila mara akikirudisha. Hakuuliza ni mradi wa nani. Alijua ni hela ya mji wake.

Si kila kitu kilinyooka. Mwishoni mwa 2021 ruzuku ya karibu dola milioni 12 ilifutwa baada ya waandishi wa habari kufichua historia ya aliyeongoza shirika lililopewa. Mwaka uliofuata mkaguzi wa jiji akaandika wazi kwamba usimamizi wa mfuko una mapungufu. Makusanyo nayo yalizidi matarajio, hata mwaka 2023 baraza likapitisha mpango wa dola milioni 750 kwa miaka mitano, na idara za jiji zikaanza kuunyooshea mikono mfuko ulioanzishwa na watu wa mitaani. Ugomvi huo unafanyika hadharani, mbele ya watu.

Sasa turudi nyumbani, Nakapanya. Ukitoka Songea unapita Namtumbo, unapita Tunduru mjini, unaendelea kuelekea Mangaka. Utaikuta barabarani kabla hujaingia mkoa wa Mtwara, na mikorosho yake. Kwa hili la nishati sisi tuliwatangulia watu wa Portland. Sheria ya Nishati Vijijini ni ya mwaka 2005, na wakala wake, REA, ulianza kazi 2007. Kila anayenunua umeme, hata wa shilingi elfu moja, anachangia ili mwenzake wa kijijini apate. Mchango huo, pamoja na tozo ya mafuta na hela za wafadhili, umefanya kazi kubwa: Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa, na kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000. Hilo ninalisema kwa fahari.

Ninalotaka ni mtu wa Nakapanya akae mezani pale hela hiyo inapogawanywa.

Nilimpigia mjomba wangu wa huko msimu wa mavuno ya mpunga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Ngoja nitoke, hapa hatusikilizani."

Alikuwa kwenye mashine ya kukoboa, ya dizeli. Nikamuuliza kwa nini dizeli wakati nguzo zimepita pale pale.

"Nguzo zimepita," akasema, "lakini nani alituuliza kama tunataka taa au tunataka mashine?"

Laini iliyofika pale haiwezi kusukuma mota kubwa, na umeme ukikatika mchana, foleni ya magunia inalala hapo hapo. Kila mkulima katika foleni hiyo amekwishachangia. Anakatwa kwenye LUKU, na korosho anazouza kwa stakabadhi ghalani zinatozwa ushuru wa halmashauri. Hela yake ya LUKU inapanda hadi Dodoma, kisha inashuka ikiitwa mradi, ikiwa na mkandarasi na tarehe ambazo kijiji hakikuzipanga.

Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni jambo jema sana, ila ni mkopo, hasa wa kikundi kwa biashara yake. Kijiji kinachotaka pampu ya sola kwenye kisima cha wote hakina dirisha la kugonga hapo.

Na dirisha hilo linawezekana bila kuwa Marekani. Makueni, Kenya, waliweka kanuni zao mwaka 2015: asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo ya kaunti iende kwenye mfuko wa tabianchi, na asilimia 70 ya mfuko itumike kwa miradi inayochaguliwa na kamati za wadi. Watu wa Makueni wanajua kiu, kwa hiyo walichagua mabwawa ya mchanga. Kwetu kusini, Ludewa, wanavijiji wa Mawengi na jirani zao walijenga umeme wa maji kwa msaada wa Waitaliano, na mitambo ikaendeshwa na chama chao wenyewe, LUMAMA. Wakulima waliomudu kuendesha AMCOS, chama chao cha ushirika, kupima korosho na kusubiri mnada wakiwa pamoja, hawashindwi kusimamia paneli juu ya bati la ghala.

Nilimwambia mjomba hivyo hivyo. Akanyamaza, nikasikia mashine ikizimwa nyuma yake.

"Sola inaweza kukoboa?"

Nikamwambia inaweza, mradi mota na paneli zilingane.

"Basi nitajie ukubwa. Mkutano mkuu wa AMCOS unakuja, na mimi siwezi kusimama mbele za watu na neno 'inaweza'."

Amenitumia picha ya kibati cha mashine, kimejaa vumbi la pumba, namba zake zinasomeka nusu. Nimemwomba akifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, apige tena.