Ndoo ya Maji Mekundu

Huku Mgori tunapanda mara moja kwa mwaka. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika karibu na Aprili. Ukikosea mwanzo, hakuna msimu wa pili. Ndiyo maana wazee waliamini uwele na mtama. Sisi wapenda sembe tunabahatisha na mahindi.

Mwaka aliofariki baba nilirudi kumsaidia mama kulima. Kwa fedha iliyobaki baada ya msiba nilinunua mjini Singida kilo nne za mbegu zenye dawa, zile nyekundu. Mama alikuwa na zake, zilizoning'inia juu ya meko, moshi ukizilinda na wadudu.

Nilikuwa nimesikia kwamba mbegu ikilowekwa usiku mmoja huwahi kuota. Ni kweli: inafika ardhini ikiwa imeshakunywa maji, haipotezi siku kuyangoja. Jioni moja wingu zito lilisimama upande wa msituni. Nikamwaga mbegu zangu zote kwenye ndoo ya maji.

Mvua haikunyesha. Labda kesho, nikasema, nikaziacha usiku wa pili. Kulipokucha maji yalikuwa mekundu kama ya kuoshea nyama, na mbegu zilikuwa zimeanza kutoa vimizizi vyeupe. Mama alichungulia, akafukuza kuku kwanza.

"Dawa umeiosha, baba," akasema. "Na hizi zimeshaamka. Huwezi kuziambia zilale tena."

Sikujua kwamba mbegu yenye dawa hupandwa kavu. Dawa ile ndiyo ngao yake dhidi ya kuoza na wadudu. Nilizipanda siku hiyohiyo kwenye udongo uliolowa juu tu kwa manyunyu. Miche michache ikachomoza. Mchwa wakala zilizobaki chini, jua likamaliza zilizokuwa juu.

Mama alingoja. Mvua ya maana ilipokuja usiku mmoja, wiki ya pili, asubuhi alichimba kwa jembe, akaingiza mkono, akaona unyevu umefika chini. Jioni akaloweka mbegu zake. Alfajiri akazichuja, akazianika kivulini zisishikane mikononi, na kabla ya saa nne zote zilikuwa ardhini. Siku ya tano mistari ilionekana.

Lakini mbegu zake hazikutosha shamba zima. Sehemu yangu tukairudishia uwele. Mwaka ule tulikula ugali mweusi miezi mingi, na kila nilipomega tonge nilijua bei yake. Mama hakunilaumu hata siku moja.

Msimu uliofuata wingu lilisimama tena msituni. Mama akanisogezea ndoo, akanyamaza, akinitazama. Niliipita, nikaenda kuchukua jembe.