Geji, Kihisi na Lugha ya Injini Kuukuu

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutajwa mno madarasani, lakini mimi niliielewa barabara kupitia Peugeot 504 ya mjomba wangu, gari kuukuu lililotusomesha ukoo mzima. Hubeba maziwa alfajiri na abiria adhuhuri. Likizimika, karo nayo huzimika. Injini yake imechakaa, na beringi zisipopata oili kwa shinikizo la kutosha husagika kwa muda mfupi.

Dashibodi ilikuwa na taa nyekundu ya oili tu. Taa ya aina hii kwa kawaida huwaka shinikizo linaposhuka hadi kati ya pauni 4 na 7 kwa inchi ya mraba. Ilhali mafundi wengi hukadiria kwamba injini iliyopata moto yahitaji takriban pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Yaani katika mizunguko 3,000, shinikizo laweza kuporomoka kutoka 30 hadi 10 na taa isitoe kauli. "Mpwa wangu," mjomba aliniambia, "taa hii hunitangazia matanga, hainiambii mgonjwa yu hali gani." Ndipo tukaazimia kununua geji.

Geji ni za aina mbili. Ya kwanza hupelekewa oili yenyewe kwa kijibomba hadi kwenye dashibodi. Haihitaji umeme, ila kijibomba kikipasuka, oili ya moto humwagikia dereva miguuni. Ya pili hupata habari kwa waya kutoka kwa kihisi kilichofungwa kwenye injini. Tuliichagua hii.

Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha alipopata funzo. Katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, muuzaji mmoja alishikilia kwamba vihisi vyote ni sawa. La hasha! Kihisi husema kwa ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu. Vingi vya Ulaya huanza na omu 10 pasipo shinikizo, vikapanda hadi 180 hivi. Vya Marekani huanza na 240, vikashuka hadi 33. Ukioanisha kihisi cha Marekani na geji ya Ulaya, mshale hupaa injini ikiwa imezimwa, kisha hushuka kadiri shinikizo linavyopanda. Msemaji hajadanganya wala msikilizaji si kiziwi. Hawana msimbo mmoja tu. Tukanunua geji na kihisi vya mtengenezaji mmoja, vyenye vipimo vinavyolingana.

Nyuzi za kufungia nazo si za kukisia. Katika saizi ya thumni ya inchi, za Kimarekani ni 27 kwa inchi, za Kiingereza 28. Kihisi kikilazimishwa, huingia kidogo kisha huvuja. Kwa hivyo tulikwenda dukani na swichi ya zamani mkononi. Taa hatukuiondoa, fundi alitumia kiungo cha njia tatu ili swichi na kihisi vifungwe pamoja. Mshale husimulia, taa hupiga ukemi, maana hakuna dereva anayekodolea geji macho safari nzima.

Miezi kadhaa baadaye, injini ikiwa moto na gari limesimama, mshale uliokuwa ukituonyesha 14 ulianza kutua kwenye 9. Kijiti kilionyesha oili imejaa, nayo taa ilikuwa kimya. Mjomba hakungoja. Fundi alifungua, akazikuta beringi zimelika, akazibadilisha kabla krenkishafti haijakwaruzwa. Ufa ukazibwa, ukuta tusingeumudu.

Ndugu msomaji, ukiwa na gari la zamani, usitosheke na chombo kinachosema mara moja tu, tena mwishoni. Tafuta kinachosimulia hatua kwa hatua, na kabla ya kukiamini hakikisha kwamba asemaye na asikiaye wanatumia lugha moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na injini kuukuu haina hiari ya kuficha ikiwa imepewa mkalimani mwaminifu.