Safari ya Tabaka kwa Baisikeli

Nchi ya Wagusii haina tambarare ya kumpa mpanda baisikeli nafasi ya kupumua. Atokapo mjini Kisii huteremka. Akifika bondeni hupanda. Na akimaliza kupanda huona mbele yake kilima kingine kilichovikwa migomba, sawasawa na kile alichokiacha nyuma. Mgeni akiuliza Tabaka iko wapi huambiwa kwamba si mbali, ni kilomita ishirini hivi tu upande wa kusini-magharibi. Maneno hayo ni ya kweli kwa mtu aliyeketi ndani ya gari.

Karani mmoja wa mjini alikwenda huko kwa baisikeli siku ya Jumamosi. Mjomba wake alikuwa amempelekea habari kwamba iko karatasi inayotaka kusomwa kabla haijatiwa sahihi, nayo yahusu shamba. Pikipiki za kukodi zilijaa kila pembe ya barabara, na wenyewe wakimwita, lakini yeye alikuwa na baisikeli ya marehemu baba yake, ile nyeusi, nzito, ya chuma, ambayo watu wa Kenya wameipa jina la nyoka, blakimamba. Tena aliona si heshima kuingia ujombani hali amepakiwa kama gunia. Kwenye kiti cha nyuma alifunga sukari, mkate na mche mmoja wa sabuni. Sabuni ya kufulia kwelikweli, kwa maana huko aendako sabuni nyingine zote ni mawe.

Mji wa Kisii, ambao wazee huuita Getembe, wastahili kutupiwa jicho kabla ya kuachwa. Mwezi wa Januari mwaka 1908 mtawala Mwingereza G. A. S. Northcote, ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti, alichomwa mkuki na kijana Otenyo, aliyekuwa ametiwa moyo na mama mmoja mwaguzi, jina lake Moraa. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na jeshi lililoletwa kulipiza kisasi lilichoma nyumba na kuteka ng'ombe kwa maelfu. Hata tarehe 12 Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliingia katika mji huo huo wakapigana na askari wa Kiingereza, na usiku ulipoingia kila upande ukarudi nyuma. Mji ukabaki hauna mwenyewe. Wenyeji wakaingia madukani na ofisini wakachukua walichoweza, na baadaye wakatozwa ng'ombe kwa kosa hilo. Mtu apitaye leo asubuhi na mapema, wauza ndizi na parachichi wakipanga mafungu yao, ni vigumu kuamini kwamba watu wazungu wa mataifa mawili walikuja kuuana mahali hapo.

Barabara kuu ya Migori hushuka kuelekea Suneka, na hapo karani alikwenda kwa raha, upepo ukimpiga kifuani. Raha hiyo haikudumu. Njia ya Tabaka ilipoachana na barabara kuu vilima vilianza tena, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha kando ya njia udongo mwekundu ushikao tairi kama ugali usioiva. Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mwezi usio na mvua kabisa ni nadra. Ndiyo maana kila kipande cha ardhi ni kijani, na ndiyo maana kila mpanda baisikeli wa huko hujua kusukuma.

Huko Ufaransa wako watu watoao fedha zao ili wapate milima ya namna hii. Hupanda na kushuka siku nyingi, wakilala katika vijiji vya kale vilivyojengwa kwa mawe juu ya vilima, wakitazama makanisa na ngome, na asubuhi huendelea. Mashindano makubwa ya baisikeli ya nchi hiyo yalianza mwaka 1903, na mwaka 1910 wapandaji walipelekwa mara ya kwanza katika vilele virefu vya Pyrenees. Chris Froome, aliyeyashinda mara nne, yaani mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi, na ujana wake alijifunza mwendo huo katika njia za Kikuyu akiongozwa na David Kinjah. Kwa hiyo vilima vya Kenya si haba. Tofauti yake na Ufaransa ni mzigo. Baisikeli ya Kisii haijui kwenda tupu. Hubeba mikungu ya ndizi, madumu ya maziwa, majani ya ng'ombe, hata kitanda. Na upande wa Tabaka hubeba mawe.

Mmoja wa wabeba mawe karani alikutana naye kwenye mteremko. Kijana huyo alikuwa na bonge jeupe lililofungwa kwa mpira nyuma yake, na kwa kuwa breki za baisikeli yake zilikuwa zimekufa, aliteremka akibana tairi la mbele kwa soli ya kandambili. Soli ilikuwa imelika nusu. Karani alisimama pembeni akampisha.

"Ndugu, utajiua!" akampigia kelele.

"Nikienda polepole litanisukuma lenyewe!" akajibu yule, akapotea kwenye kona.

Tabaka hutambulikana kabla ya nyumba zake kuonekana. Kando ya njia huanza kutokea vipande vya mawe, vingine vyeupe, vingine vya waridi, vingine vya kijivu au hudhurungi, hata marundo yakawa mengi kuliko majani. Chini ya mabati na migomba wameketi wachongaji. Jiwe la Tabaka likiwa limetoka ardhini, bado na unyevu wake, hukwaruzika kwa ukucha. Hukatwa kwa msumeno wa mkono, hupunguzwa kwa panga, kisha kisu na tupa humaliza kazi. Pale palipokuwa na bonge pakatokea kiboko, sahani, au watu wawili waliokumbatiana. Zamani wazee walichonga bakuli na viko vya tumbaku kwa matumizi yao wenyewe. Biashara ya wageni ilikuja baadaye.

Kusugua ni kazi ya akina mama. Huketi mbele ya beseni la maji na kusugua kwa msasa, wa kukwaruza kwanza na laini baadaye, mpaka vidole vikunjamane, kisha hupaka nta. Mchongaji ndiye apewaye sifa, lakini kiboko asiyesuguliwa hakuna amnunuaye. Wanunuzi hupeleka vitu hivyo Nairobi, Mombasa na ng'ambo, na bei ya huko haifanani hata kidogo na ile aliyoipata aliyekaa juu ya vumbi. Jiwe moja limefika mbali kwa heshima zaidi: kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, ambayo ni Ndege wa Amani, iko kwenye makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Kwa hiyo Mfaransa asiyejua Gusii ni kitu gani aweza kusimama mbele ya kipande cha kilima chake.

Machimbo yenyewe ni jambo jingine. Humo watu huchimba kwa sururu, jembe na mtaimbo, wakifuata mkanda wa jiwe jema popote uendapo, na kuta za udongo husimama juu ya vichwa vyao. Mvua ikinyesha sana kuta hizo huporomoka, na wachimbaji wamekwisha kufa kwa namna hiyo. Shimo likiisha jiwe huachwa wazi. Hujaa maji ya rangi ya maziwa, na mwenye mbuzi hana budi kuchunga kwa macho mawili. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta katika Kaunti ya Kisii watu 1,266,860, zaidi ya 950 katika kila kilomita ya mraba. Mahali penye watu wengi hivyo, shimo moja ni shamba la mtu.

Ndiyo habari iliyomwita karani. Alimkuta mjomba wake ameketi chini ya mti, karatasi imewekwa ndani ya bati la biskuti. Walisalimiana, wakaulizana hali za nyumbani, uji ukaletwa, ndipo bati likafunguliwa.

"Mpwa wangu," alisema mzee, "chini ya migomba ile kuna jiwe jeupe la namba moja. Mtu anataka kulichimba. Dada yako mdogo amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, na karo haingoji ndizi kuiva. Soma."

Karani akasoma kwa sauti, akigeuza Kiingereza kuwa Kigusii. Fedha zingelipwa mara moja. Uchimbaji ungekuwa wa miaka saba. Kina cha shimo hakikutajwa, wala umbali wake kutoka nyumbani, wala ni nani atakayelifukia. Mkazamjomba alikuwa pembeni akisugua sahani, na hakuinua uso aliposema:

"Na kaburi la mama mkwe, limeandikwa?"

"Halimo, mama."

Mkono wake ukasimama juu ya sahani. Mzee akatazama migomba.

Kisha karani akaeleza mambo ambayo kila mkulima angefaa kuyajua. Sheria ya Kenya yataka mapatano ya kukodisha ardhi ya kilimo yapate idhini ya bodi ya ardhi, na bila idhini hiyo ni batili. Tena nyumba ikiwa ni ya mume na mke, mke naye hana budi kuridhia. Nyuma ya karatasi akaandika kwa kalamu mambo ya kudaiwa: malipo kwa kila gari la mawe badala ya malipo ya mara moja, mpaka wa hatua arobaini kutoka nyumba na kaburi, na shimo kufukiwa kila mwaka, si mwisho wa miaka saba.

"Akikataa?" aliuliza mjomba.

"Akikataa, mjomba, jiwe halina miguu. Litakuwapo."

"Karo ndiyo yenye miguu," mzee akajibu, akaikunja karatasi akairudisha ndani ya bati. Mwenye kutaka jiwe angerudi Jumanne. Zaidi ya hapo mzee hakusema, na mpwa hakumhimiza.

Wakati wa kuondoka alipewa zawadi, bao la kuchezea la jiwe la waridi, pana na zito, lililochongwa na mjomba mwenyewe. Kulifunga kulichukua nusu saa. Kwenye miteremko lilimsukuma mgongoni kama alivyoonywa na yule kijana, na kwenye vilima lilimvuta nyuma, hata akapata kuvihesabu vyote kwa mabega yake. Alipofika chini ya mpando wa mwisho kabla ya mji giza lilikuwa limeingia. Dereva mmoja wa pikipiki, jirani yake, akapunguza mwendo kando yake akamwuliza kama anataka kubebwa.

Karani akalitazama bao, akautazama mpando.

"Libebe hili hadi nyumbani," alisema akifungua mpira. "Baisikeli nitaisukuma mwenyewe."