Toba Isiyokwisha: Manyoni, 2011 hadi 2013

Mwaka 2011, majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano yalipotoka, jina langu lilikuwa kwenye orodha ya shule moja ya bweni wilayani Manyoni, mkoa wa Singida. Kwetu ni Kasulu. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuishi Manyoni. Baba aliijua kama stesheni tu, mahali ambapo treni ya Dar es Salaam husimama, abiria wakanunua chakula madirishani, safari ikaendelea. Serikali yetu ilikuwa na desturi hiyo tangu enzi za Mwalimu Nyerere: mtoto wa Kigoma asome Singida, wa Mtwara asome Kagera, ili vijana wa nchi moja wajuane. Na kweli tulijuana. Kitanda cha juu yangu alilala Mmakonde, jirani yangu alikuwa Msukuma, na hadi leo tunasalimiana. Lakini orodha zile hazikuwa na njia ya kujua nani kati yetu alikuwa ameshaanza kuugua.

Nilishuka stesheni na tranka, godoro, ndoo na fagio la chelewa, kama maelekezo ya kujiunga yalivyotaka. Manyoni ni mji uliozaliwa na reli. Kabla yake, mji uliojulikana upande ule ulikuwa Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali Wajerumani walipojenga boma na wamisionari wa Kianglikana wakaweka kituo. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, maisha yakahamia relini, na baadaye Manyoni ikawa njia panda ya treni ya kwenda Singida. Mvua huko ni za msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili. Zikikatika, ardhi hukauka, mibuyu hubaki mitupu, na upepo hupuliza vumbi jekundu hadi ndani ya mashuka. Usiku wa Juni una baridi ambayo sikuitarajia.

Nilikosa vitu vidogo. Nilikosa mawese kwenye maharage. Nilikosa migebuka, na Kiha cha mama anapomwita mtu kutoka uani. Simu hazikuruhusiwa; ukitaka kuongea na nyumbani unamwomba matroni, unaongea amesimama pembeni, kwa hiyo unasema uko salama. Treni ilikuwa ikipita usiku, na honi yake ilifika bwenini. Ile ya kwenda magharibi niliitambua. Nilikuwa nikihesabu kichwani: Itigi, Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma. Wenzangu wamelala, mimi nahesabu stesheni.

Imani niliyotoka nayo nyumbani ilikuwa imani ya uamsho. Uamsho huo ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, ukavuka hadi Buha kwetu na sehemu nyingine za Tanganyika. Mama yangu alikuwa mmoja wa watu wake. Katika ushirika wao mtu husimama, hutaja dhambi yake bila kuipamba, kisha wenzake humwimbia na kumkumbatia, hata kama ni mke wa mchungaji anaungama mbele ya mfanyakazi wake wa shamba. Hiyo waliiita kutembea nuruni. Niliyaona mazuri yake kwa macho yangu. Niliona jirani wawili waliokuwa na kesi ya mpaka wa shamba wakilia mikononi mwa wenzao, na kesi ikaisha siku ile. Nilikua nikijua kwamba dhambi ikitajwa inakwisha nguvu.

Katikati ya mwaka ule usingizi ulianza kunikimbia. Nilikuwa nikiamka saa tisa usiku na siwezi kulala tena. Ugali ukawa hauna ladha, kisha ukawa haupiti kooni. Nilisoma mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili ndilo somo nililolipenda kuliko yote, lakini wakati wa prepo, kujisomea usiku, ningeweza kusoma ukurasa mmoja wa tamthiliya hadi kengele inagonga bila kujua nani anasema na nani. Hayo yote ningeweza kuyabeba. Lililonivunja lilikuja kwa njia ya sala. Nikifumba macho kuomba, tusi lilipita kichwani, tusi kwa Roho Mtakatifu, kwa sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa nimefundishwa kwamba Yesu, katika Injili ya Mathayo, alisema kuna dhambi moja isiyosamehewa. Nikaamini nimeitenda.

Basi nikatubu. Nilitubu kitandani, nilitubu nikifua, nilitubu nikiwa kwenye mstari wa chakula. Kila nilipomaliza nilipata nafuu kidogo, kisha swali likarudi: je, ulitubu kwa moyo wote? Na hapo nilianza upya. Sikujua kwamba naumwa. Mtu aliyelelewa kama mimi akisikia ndani yake sauti inayomshtaki, huiita dhamiri, na dhamiri huitii.

Kulikuwa na kikundi cha maombi cha wanafunzi, nami nikawaeleza. Walinipokea. Waliniwekea mikono, wakafunga kula kwa ajili yangu, na kwa msichana aliyekaa mbali na mama yake, mikono ile peke yake ilikuwa faraja. Lakini hali haikubadilika, na baada ya muda wakaanza kuuliza ninaficha nini. Kwao, mtu aliyeombewa na hakupona ana jambo hajalitoa. Nikaanza kuchimba. Niliungama husuda, niliungama uongo wa darasa la nne, mwisho nikaungama mambo ambayo hata sikuyafanya, ili tu wafurahi kwamba limetoka. Kisha maneno yakazunguka bwenini. Wakati wa chakula cha jioni benchi langu likawa na nafasi pande zote mbili.

Lazima mtu akumbuke mwaka ule ulivyokuwa. Nchi nzima ilikuwa ikizungumzia Samunge, kijiji cha Loliondo, ambako mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na watu kwa maelfu, hata kutoka nje ya nchi, walipanga foleni ya magari porini. Nyumbani walichangishana nauli ili nami niende. Nauli haikutimia, na sina la kusema juu ya waliokwenda, maana maumivu humpeleka mtu mbali. Nakumbuka tu matumaini yaliyokuwa hewani: kwamba uponyaji wa kweli huja mara moja, kwa kikombe kimoja, na anayehitaji kunywa tena hajaamini. Tumaini hilo lilinikaa vibaya, kwa sababu uponyaji nilikuwa nauhitaji kila asubuhi.

Kufika Oktoba nilikuwa nikilala nikiomba nisiamke. Hilo sikumwambia mtu. Wakati ule kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na kanisani nilisikia maiti za waliojiua zikizikwa bila ibada. Kwa hiyo mwenye wazo kama langu aliogopa polisi upande mmoja na Mungu upande mwingine, akanyamaza.

Watu wawili walinitoa hapo. Wa kwanza ni mama mmoja Mgogo aliyesali kanisa lilelile la Kianglikana tulilokwenda Jumapili. Aliniona nimebaki nje baada ya ibada, akanisalimu kwa Kigogo, nikashindwa kuitikia, akacheka na kunifundisha. Jumapili iliyofuata akamwomba matroni ruhusa, akanichukua kwake. Kulikuwa na magunia ya karanga za mavuno ya mwaka ule, tukakaa uani kuzibangua. Hakuniuliza kitu. Alisema, "Mwanangu, kula," akaniwekea ugali wa uwele na mlenda, nami nikala matonge matatu, zaidi ya nilivyokuwa nimekula wiki nzima. Nilirudi kwake mara nyingi. Siku nilipoweza kulia, nililia pale, naye akaendelea kubangua karanga hadi nilipomaliza. Ndipo akasema, "Mwanangu, wewe unaumwa. Nimemwuguza dada yangu, naujua uso huo." Yeye ndiye aliyekwenda kumwona mwalimu wetu wa malezi.

Mwalimu alinipandisha basi asubuhi na mapema, tukateremka ukingo wa Bonde la Ufa, tukapita Kintinku na Bahi, hadi Dodoma. Tulikuwa tunakwenda Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo imekuwapo tangu mwaka 1927, na jina lake Manyoni na Dodoma nzima hutumiwa kama tusi: mtoto akifanya vituko, wenzake humwambia apelekwe Mirembe. Njia nzima nilitazama chini. Mwalimu aliona, akasema, "Binti, ungevunjika mguu ningekupeleka kwa daktari wa mifupa. Inua uso."

Nilichokiona ni miti, mabenchi, na watu wanaosubiri zamu yao kama hospitali yoyote. Daktari aliniuliza kuhusu usingizi, chakula, hedhi, ukoo. Nikaeleza kwamba tatizo langu si la hospitali, ni dhambi, nikamsimulia na ushirika wa mama. Hakubisha. Aliuliza, "Hiyo dhambi umeitubu?" Nikasema ndiyo. "Mara ngapi?" Nikashindwa kujibu. "Mama yako akitubu kwenye ushirika wao, kesho yake anakuwaje?" Nikafikiri, nikasema anaimba. "Na wewe?" Ndipo nikaelewa alikokuwa ananipeleka. Mama alikuwa na kitu kinachokwisha kikitajwa. Mimi nilikuwa na kitu kinachonenepa kikitajwa.

Aliniambia kwamba ni sonona, na kwamba sonona hukamata kile mtu anachokipenda zaidi. Kwa mwenye mali huja kama hofu ya ufukara, kwa mcha Mungu huja kama hukumu. Muuguzi aliyenipa dawa alikuwa amejifunga hijabu. Alipoona bado nina shaka aliniambia taratibu, "Mdogo wangu, hata sisi ugonjwa huo tunao. Mtu anatia udhu, anadhani haujatimia, anarudia, anarudia, hadi wakati wa sala unapita. Sisi tunauita wasiwasi, na wanazuoni wetu wanamkataza asirudie." Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba Mwislamu angeweza kuelewa maombi yangu kuliko wenzangu wa bwenini.

Dawa ilikuwa amitriptilini. Ilinikausha mdomo, ikanilaza usingizi mzito, na kwa wiki za mwanzo sikuona kitu kingine. Kisha siku moja chakula kikawa na ladha ya chumvi. Baadaye nikasoma ukurasa na kuukumbuka. Matusi yaliendelea kupita kichwani kwa muda, lakini nikaweza kuyaacha yapite.

Imani nayo ilihitaji kuuguzwa, na hapo mchungaji wa kanisa letu alinisaidia. Aliniagiza niache kutubu peke yangu kwa muda. Ungamo langu liwe lile la Kitabu cha Sala tu, ambalo waumini husema pamoja wakiwa wamepiga magoti. Ungamo hilo ni fupi. Halimwulizi mtu mmoja mmoja alivyojisikia. Kasisi hutangaza msamaha, kisha watu husimama na ibada inasonga mbele, uwe umeamini sana au kidogo. Nilipokuwa mdogo tuliwaonea huruma wanaosali kwa kitabu, tukidhani hawana moto. Pale Manyoni maneno yaliyoandikwa zamani yalinibeba, kwa sababu yalikuwa na mwisho, na kwa sababu niliyasema katikati ya watu.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za John Bunyan, Mwingereza ambaye hadithi yake ya safari ya msafiri Mkristo imesomwa katika makanisa ya Afrika Mashariki kwa vizazi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1666 anaeleza jinsi alivyoteswa kwa muda mrefu na mawazo ya kumwuza Kristo, akiamini amekwisha kupotea. Martin Luther naye, akiwa mtawa, alimchosha padri wake kwa maungamo ya saa nyingi. Ningefurahi kuyajua hayo nikiwa kidato cha tano. Ningejua kwamba njia ile ina nyayo.

Tulifanya mtihani wa kidato cha sita Februari 2013. Nilifaulu, nikasomea ualimu, na sasa nafundisha sekondari. Ugonjwa umenirudia tangu wakati huo, na kila mara umekuja na sauti ileile ya dini. Nikiisikia siku mbili tatu mfululizo, saa tisa usiku, nakwenda hospitali kwanza. Jumapili bado naenda kanisani, na Tenzi za Rohoni ninaziimba bila kushika kitabu.

Kila muhula huwa yupo mwanafunzi anayekuja kuniambia kwamba Mungu amemkataa. Simpingi na simhubirii. Namwuliza amelala saa ngapi, amekula nini, na nani hukaa naye wakati wa chakula cha jioni. Kisha namwuliza swali la yule daktari: ukishatubu, kesho yake unakuwaje? Wako ambao hujibu kwamba wanakuwa wepesi; hao nawatakia heri waende kwa mchungaji au shehe wao. Wako ambao hutazama chini kama nilivyotazama mimi. Hao nawaambia wazi kwamba Mungu tuliyefundishwa, akishasamehe, hadai tena, na kwamba kinachowadai usiku kina dawa. Kisha naomba ruhusa kwa mkuu wa shule, na tunapanda basi pamoja.