Narung'ombe 1917: Vita Vilivyobebwa Kichwani

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia haikupiganwa Ulaya pekee. Mimi nikiifundisha huanzia Narung'ombe, wilayani Ruangwa. Huko, tarehe 19 Julai 1917, majeshi ya Uingereza yaliyotokea Kilwa yalipambana na majeshi ya Wajerumani. Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 hadi 18 Oktoba, yalifuata mapigano makali ya Mahiwa, upande wa Lindi. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alishinda Mahiwa. Lakini mwishoni mwa Novemba alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Kwa nini mshindi alihama?

Ushindi ule ulimgharimu askari na risasi asizoweza kuzifidia. Tena, siku chache kabla yake, Waingereza walikuwa wameiteka Ruponda, iliyopo leo wilayani Nachingwea, pamoja na shehena kubwa ya chakula chake. Jeshi lisilo na ghala halikai mahali pamoja.

Chakula hicho kilibebwa na nani? Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na barabara za magari zilikuwa chache. Mzigo ukamwangukia mwanadamu. Hebu tufanye hesabu. Mpagazi anabeba kilo 25 za nafaka na kula kilo moja kwa siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekwisha kula kilo 20. Askari aliyeko mbele anapata kilo tano tu. Ndiyo maana kila kikosi kilihitaji umati wa wapagazi nyuma yake, na vijiji vikanyang'anywa nafaka na vijana kwa pamoja. Nchi hii ilikuwa imetoka katika njaa ya Maji Maji miaka 10 tu kabla.

Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Makadirio ya waliokufa huzidi 90,000, na wengi waliuawa na maradhi na uchovu, si risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi chao. Lakini juu ya mnara mashuhuri wa jiji hilo, uliozinduliwa mwaka 1927, amesimama askari mwenye bunduki.

Ukoo wa mama yangu ni wa Ruangwa. Wazee walitusimulia juu ya ndugu aliyechukuliwa kubeba mizigo, asirudi. Hawakujua alilibebea jeshi gani, wala amelala wapi. Kwao swali la nani alishinda halikuwa na maana: pande zote mbili zilikuja na kamba, zikaondoka na watu.

Naziomba halmashauri za Ruangwa na Nachingwea, pamoja na walimu wa historia, wakusanye majina ya wapagazi hao kwa wazee waliosimuliwa na baba zao. Jiwe la kumbukumbu linaweza kusubiri bajeti. Wazee hawatasubiri.